Aliyeandika "Bado Sijajua"

Wisal alikuwa jikoni akitoboa mamumunye ya kujaza mchele. Amelishika moja kiganjani, anazungusha ndani yake kile kijiko chembamba kirefu cha kukombea, na beseni la maji ya chumvi liko mbele yake, pale mwanawe Qutayba alipoingia. Saa hiyo haikuwa saa ya Qutayba kuwa nyumbani. Ni mtu mzima, ana kazi yake katika duka la dawa, na tangu aajiriwe hajawahi kurudi kabla ya alasiri. Hakuvua viatu. Alikanyaga zulia na matope yake, na mama yake akajua kabla ya kuambiwa.

"Mama, kaa kidogo."

"Sikai. Sema."

"Kaa, mama, nakuomba."

"Nimekwambia sikai! Ni mjomba wako?"

Qutayba akainamisha kichwa. "Alikwenda mjini Husn asubuhi. Akaingia duka moja la vyakula, akaomba kiti. Akakaa, akaegemea magunia ya mchele. Mwenye duka akadhani amepitiwa na usingizi."

"Na hospitali wamesemaje?"

"Hawakuwa na la kusema. Walimpokea ameshaondoka."

Wisal akasema innalillahi, kama tulivyofundishwa. Akaisema mara ya pili, kwa sababu ya kwanza hakujisikia mwenyewe. Kisha akafanya jambo lililomshangaza mwanawe: aliendelea kulikomba lile mumunye alilokuwa nalo mkononi hadi likaisha, akalitia majini, akafuta mikono.

"Amekwenda," akasema, "na ile kauli hajaipata."

Qutayba hakuuliza kauli ipi. Katika nyumba ile kila mtu alijua.

Raghib alikuwa kaka wa pekee wa Wisal. Watu walimwita Abu Yaman, yaani baba yake Yaman, kwa jina la mwanawe, ambaye yuko Ghuba huko akitafuta riziki. Ujana wake wote aliumalizia posta ya mji wa Irbid, akipanga barua nyuma ya pazia la turubai, na ndiyo maana mpaka uzeeni alikuwa hawezi kuona karatasi bila kuigeuza atazame imetoka kwa nani. Alipostaafu, mkewe akiwa amekwisha fariki, alikodi chumba kwenye ule mtaa wa chuo kikuu ambako kila mlango ni duka la mtandao, akaweka kompyuta chache, printa, na birika la chai ya majani ya kunukia. Wanafunzi wakija kuandika kazi zao, yeye anakaa karibu na mlango, miwani puani, anapiga gumzo na wapita njia.

Enzi hizo simu zilikuwa za kuzungumzia tu. Baruapepe ndizo zilizobeba habari, na wasio na kompyuta walizipata zikiwa zimechapwa, zimetolewa nakala, zimebandikwa mlango wa msikiti na ukuta wa kinyozi. Kampuni fulani ya sabuni inatia mafuta ya haramu. Kampuni fulani ya viatu imechora jina tukufu kwenye soli. Kampuni ya simu itampa simu ya bure kila atakayetuma ujumbe kwa watu kumi. Na mwishoni, karibu zote, lile fungu la maneno ambalo hakuna Mwislamu mwenye woga anayelipuuza: "Hii ni amana shingoni mwako mpaka Siku ya Kiyama. Itume kwa unaowajua. Fulani aliipuuza, akapatwa na msiba."

Mwanzo wa Raghib katika kazi ile ulikuwa wa mzaha. Umm Labib, jirani wa ghorofa ya chini, alimletea karatasi iliyosema shampuu aliyoitumia miaka yote inapofusha macho.

"Abu Yaman, niitupe?"

"Unaniona?"

"Nakuona, ndiyo."

"Basi subiri nipige simu kwanza."

Akampigia simu mwingizaji wa ile shampuu huko Amman. Akapigia na idara ya serikali inayopima vipodozi. Akamwandikia daktari mmoja wa macho. Jibu lilipofika, alichukua ile karatasi ya Umm Labib, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu UONGO, na chini yake kwa herufi ndogo amemuuliza nani na lini, akaibandika kwenye kioo cha duka, imetazama barabarani. Kuanzia hapo hawakumwacha. Walimletea kila aina ya karatasi, naye hakukataa hata moja. Alikuwa na hukumu tatu tu: KWELI, UONGO, na BADO SIJAJUA. Hakuna karatasi iliyoingia dukani isiyotoka na mojawapo, maana alisema aliyeleta swali hastahili kurudishwa mikono mitupu.

"Lakini kaka," Wisal aliwahi kumwambia, "kazi hii nani kakupa? Hulipwi, na bili ya simu inakula pensheni yako."

"Tumeamrishwa tuchunguze habari kabla hatujawaumiza watu tukajuta. Wewe ndiye hodari wa darasa la Qur'ani, mimi nikufundishe hilo?"

"Tumeamrishwa, sawa. Hatukuamrishwa kuibandika dirishani."

Raghib akacheka. Alikuwa na kicheko cha kukohoa, kinamtikisa mabega. "Uongo wao wanaubandika wapi, mfukoni?"

Walimwamini. Ikafika hadi imamu wa msikiti wa mtaa, akitaka kugusia jambo la namna hiyo kwenye hotuba, humtuma mtu kwanza: kamuulize Abu Yaman. Wapo waliomtania pia. Vijana wakipita hupaza sauti: "Abu Yaman, jua limechomoza, ni kweli au uongo?" Naye huwajibu bila kunyanyua macho: "Bado sijajua, nimetoka kuamka."

Msiba wake ulikuja mwezi wa Shaabani, watu wakijiandaa kwa Ramadhani.

Ilianza kuzunguka baruapepe kuhusu kiwanda cha halua ya ufuta cha Abu Shihab. Kilikuwa kiwanda kidogo upande wa mashariki wa mji, na watu wa kaskazini wote walikula halua yake daku. Baruapepe ikasema halua ile haitoi mafuta juu kama halua nyingine kwa sababu inagandishwa na mafuta ya nguruwe. Ikataja na jina la kiungo, na ikadai mfanyakazi aliyefukuzwa ndiye aliyefichua. Mwisho, amana shingoni mwako.

Abu Shihab na Raghib walisoma darasa moja utotoni, dawati moja. Raghib alimpigia simu siku ileile.

"Ni mafuta ya mimea, Raghib. Ya mawese. Nanunua kwa mfanyabiashara wa Amman. Si unanijua mimi?"

"Nakujua. Nipe karatasi ya huyo mfanyabiashara."

"Amesafiri. Yuko Uturuki kwenye maonyesho. Akirudi nitakupa."

"Basi akirudi."

"Na kioo chako kitasema nini mpaka arudi?"

Raghib akaitazama karatasi mkononi. Abu Shihab akasema polepole: "Usiibandike. Tafadhali, ndugu yangu. Iache tu droo."

Wisal alikuwapo dukani siku ile, amempelekea chakula, na alimwona kaka yake akizungusha waya wa simu kidoleni. "Wameileta watu wengi mno," Raghib alisema. "Nikiificha watasema Abu Yaman kahongwa halua na rafiki yake. Na siku nikisema uongo ni uongo, hawataniamini. Nitaandika nilichonacho." Akaandika alichokuwa nacho. BADO SIJAJUA.

Mtu wa nchi nyingine angeona neno lile halina madhara. Lakini sisi tumelelewa kuacha chenye shaka tukachukua kisicho na shaka, na mwezi wenyewe ulikuwa unaelekea kuwa ule ambao mtu hata mate yake anayahofia. Kama Abu Yaman, anayejua mpaka soli ya kiatu imechorwa nini, bado hajajua, basi mwenye kufunga ale ili iweje? Mama wa nyumbani hakuhitaji kuambiwa ni haramu. Aliambiwa kuna shaka, akanyoosha mkono kwenye rafu ya pili. Hata Wisal mwenyewe, dada wa damu, hakununua mwaka ule. Alinunua jamu ya tini.

Kabla Shaabani haijaisha baruapepe ileile ilirudi dukani kwa Raghib, imeletwa na mwanafunzi wa mji wa Ajloun, nayo imeota mkia: "Hata Abu Yaman wa Irbid, mchunguzi anayejulikana kwa ukweli wake, ameshindwa kuisafisha halua hii."

Raghib aliisoma amesimama. Akaomba maji.

Mfanyabiashara akarudi kutoka Uturuki, karatasi ikapatikana, na maabara ya serikali nayo ikapima. Mawese matupu. Raghib akaandika UONGO kwa herufi kubwa kuliko alizowahi kuandika, akaiandika upya na kwenye kompyuta, akaituma kwa kila anwani aliyokuwa nayo. Akangoja irudi kwake kutoka Ajloun, au Jerash, au Mafraq, kama zile nyingine zilivyorudi. Haikurudi. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakuwahi kushindana nayo kwa baruapepe. Ule ujumbe wake ulisomwa, ukapongezwa, ukalala pale ulipofikia.

Wisal ndiye aliyempa lile shauri, wakiwa mezani kwake baada ya futari.

"Na wewe weka mwishoni maneno yao. Sema ni amana shingoni. Sema asiyetuma atapatwa. Utaona itakavyoruka."

"Niapize watu?"

"Si kwa ukweli? Wao wanaapiza kwa uongo."

"Wisal, nikimtisha mtu kwa Mungu ili aniamini, nimemfundisha kuamini vitisho. Kesho mwingine atamtisha kwa uongo, naye atatii vilevile, kwa sababu mimi ndiye niliyemzoesha."

"Kaka, wewe unazungumza mambo ya kesho. Yule mtu kiwanda chake kinafungwa leo."

Raghib akanyoosha mkono mezani. Akachukua tende, akaizungusha vidoleni, akairudisha sahanini. Siku ya pili alianza kwenda kwa miguu. Aliingia duka kwa duka, na karatasi yake na kopo la halua la kuonjesha, akiomba: kama mlibandika ile, basi bandikeni na hii. Wengine walibandika. Wengine walimwambia, "Weka hapo, Hajj, tutaitazama," na akishatoka wanafungia jibini. Ramadhani ikaisha. Abu Shihab akafunga mlango wa mbele wa kiwanda, na wafanyakazi wakaenda kutafuta riziki kwingine, wengine hawakuipata.

Baada ya Idi, Raghib alikusanya wazee, kama ilivyo desturi ya mtu anayetaka kupatana na aliyemkosea, wakaenda nyumbani kwa Abu Shihab. Qutayba alikuwa nao. Ni yeye aliyemsimulia mama yake. Kahawa chungu ilimiminwa, ikawekwa mbele ya mkubwa wa wazee, naye hakuigusa, maana mgeni wa namna hiyo hanywi hadi alichojia kikubaliwe. Mkubwa yule akasema waliyojia: ndugu yetu Raghib anaomba msamaha wako.

Abu Shihab akatabasamu. "Msamaha wa nini, jamaa? Mtu alisema hajui, na kweli alikuwa hajui. Ni nani anayemsamehe mkweli? Kunyweni kahawa yenu. Hapa hakuna kesi."

Wazee wakashukuru, wakanywa, wakaondoka wamefurahi. Lakini Raghib hakunywa. Njiani alimwambia Qutayba: "Umesikia? Hakusema amesamehe. Amesema hakuna kesi." Qutayba akamwambia ni kitu kimoja hicho, mjomba. "Si kimoja," alisema Raghib, "na yeye anajua si kimoja."

Hayo ndiyo aliyokwenda nayo. Baada ya hapo moyo ulimsumbua, akawa anapumzika kila ngazi ya tatu, lakini akisikia kuna duka mahali bado limebandika ile karatasi hawezi kutulia. Husn alikwenda kwa sababu hiyo. Mwenye duka alimwambia Qutayba kwa simu, kwa huzuni ya kweli, kwamba mzee alimpa karatasi, na yeye akaiweka chini ya mizani akiwa na wateja, na hajui hata ilisema nini.

Basi siku ile ya msiba, Qutayba akaenda hospitali kushughulikia kuoshwa na kukafiniwa, ili maiti iletwe nyumbani kuagwa na iswaliwe alasiri. Kumsubiri Yaman haikuwezekana. Tulizoea kumwahisha maiti, na ndege ilikuwa ya kesho. Msikiti ukatangaza kwa kipaza sauti. Wanawake wakaanza kuingia. Umm Labib akaondoa mamumunye jikoni, akafunika kioo cha sebuleni kwa shuka, akageuka, akamkuta Wisal amevaa koti na viatu.

"Umm Qutayba, unakwenda wapi?"

"Kwa Abu Shihab."

"Umerukwa na akili? Maiti inakuja na wewe unatoka? Watu watasemaje?"

"Watasema wanavyosema siku zote. Wamezoea."

"Si umtume mwanamume!"

"Wanaume walikwenda," alisema Wisal, "wakanywa kahawa wakarudi."

Akaenda peke yake. Hapakuwa mbali, lakini mlima ulimchosha, na njiani alijikuta anazungumza na Mola wake kwa sauti, hata kijana mmoja muuza mkate akageuka kumtazama. Alikuwa na hofu moja tu. Kwamba haki ya mja haifutwi na swala wala saumu, na hata aliyekufa shahidi huulizwa. Haifutwi ila na mwenye haki mwenyewe. Na mlango wa kuiomba ulikuwa unafungwa pamoja na kaburi.

Abu Shihab alimfungulia mwenyewe. Alikuwa amevaa koti na kofia kama mtu anayetoka, lakini hakuwa anatoka; ilionekana amekaa hivyo muda mrefu. Mkewe alikuwa nyuma yake ukumbini.

"Poleni sana, dada yangu. Nimesikia kwenye kipaza sauti. Karibu, ingia."

"Siingii, maiti iko njiani. Abu Shihab, nimekuja kwa neno moja ambalo ndugu yangu alilijia hapa hakulipata."

Akashika ukingo wa mlango. "Niliwaambia wazee hakuna kesi."

"Uliwaambia wazee. Yeye ulimwambia nini?"

"Aliyesema hajui kakosa nini mpaka mimi nimsamehe?"

"Mbele ya kadhi hakukosa. Hakuja kwako kama kwa kadhi."

"Na mimi niende kwa nani?" Sauti yake ikapanda, akaishusha kwa sababu ya msiba. "Ningempata mwongo ningemchukia, nikalala. Mimi nimeangushwa na mkweli! Nilimwomba, iache droo. Siku chache tu. Akaona jina lake litachafuka. La kwangu je? Dada, wale walioisambaza, wote nawajua. Wananipa mkono msikitini. Wananiuliza biashara vipi. Hajaja mmoja wao hapa. Mmoja! Aliyekuja ni yeye, ambaye ndiye mwenye kosa dogo kuliko wote. Basi nikamtwisha lao wote."

"Ulijua anataka neno gani?"

"Nilijua." Akatazama chini. "Nilikuwa nikimwona akipita na zile karatasi zake, amechoka, najua. Nililizuia makusudi. Sikubaki na kitu kingine cha kumnyima mtu."

Mkewe akasema kutoka ukumbini, bila kusogea: "Mpe, Abu Shihab. Mpe kabla hajatiwa udongoni. Sisi nasi tuna kaburi letu."

Abu Shihab akageuka akamtazama mkewe. Wisal hakumsaidia. Alikuwa ameamua njiani kwamba hatalia mlangoni kwa mtu, maana msamaha wa kuliliwa unaweza kuwa wa aibu tu, na Mungu anajua tofauti.

"Haki yangu nitaiachia," alisema Abu Shihab mwishowe. "Lakini nina watu niliowafungia mlango. Wana watoto. Haki yao si yangu, siwezi kuitoa."

"Sikukuomba ya wengine."

"Nakwambia tu, usije ukadhani imekwisha."

"Sidhani," alisema Wisal.

Aliporudi, gari lilikuwa limeshafika na sebule imejaa. Miongoni mwa wanawake waliokaa ukutani alimwona Fidda, aliyekuwa akifunga makopo katika kile kiwanda, mjane mwenye mabinti watatu. Alikuwa amekuja kama jirani, amevaa nyeusi, mikono mapajani. Wisal akainama mbele yake, wengine wakidhani anapokea pole, akamnong'oneza.

"Fidda, mwenzangu. Kaka yangu ana deni la moyo kwako. Unamwachia?"

Fidda akamshika mkono, akaubana kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mungu amrehemu. Alikuja kwangu mara mbili na unga, akaniombea kazi kwa watu. Alikuwa mtu mwema." Akatikisa kichwa. "Lakini leo siwezi, Umm Qutayba. Ukiniuliza leo nitakudanganya."

"Usinidanganye," alisema Wisal, akasimama.

Abu Shihab alifika kabla maiti haijanyanyuliwa. Qutayba alimwongoza mpaka kizingitini, wanawake wakavuta mitandio. Hakuingia ndani. Alisimama pale, kofia mkononi, akamtazama Raghib aliyelala katikati ya chumba, amevikwa sanda nyeupe, uso tu umeachwa wazi.

"Raghib mwana wa Mufid," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwita aliye chumba cha pili. "Haki yangu kwako nimeiachia, hapa na kule. Na wewe uniachie." Akasimama kidogo zaidi, kama anayetafuta jingine, hakulipata, akatoka. Wisal alimsikia akishuka ngazi moja moja.

Hakuhisi wepesi aliotarajia. Alihisi kwamba mlango mmoja umefungwa salama na mingine iko wazi, na upepo unaingia. Alijiambia atakwenda kwa kila mmoja wa wale wafanyakazi, baada ya siku za msiba, na atakayesema leo siwezi atamrudia. Hakujua kama kunamfaa mtu kuombewa msamaha mwenyewe akiwa hayupo. Alikusudia kumuuliza imamu. Yeye mwenyewe bado alikuwa anaogopa.

Wakasema ni wakati.

Wanawake walimpisha Wisal aende kwanza, kwa kuwa marehemu hakuwa na mke wala binti. Alipiga magoti, akajifuta macho vizuri kwa ncha ya mtandio, kwani mama yao aliwafundisha machozi yasimdondokee aliyekwisha oshwa. Akambusu paji la uso. Lilikuwa baridi na linanuka kafuri. Akamnyoosha unyusi mmoja uliokuwa umepinda kwa kuoshwa. Akasema, "Nenda salama, kaka yangu. Tutakufuata." Kisha Umm Labib akamshika bega, naye akanyanyuka.

Qutayba akafunika uso, akafunga sanda. Wanaume wanne wakaingia, wakamweka kwenye jeneza, wakaligeuza kwa shida penye kona ya ngazi, wakashuka naye. Wanawake walibaki juu. Aliswaliwa alasiri katika msikiti wa mtaa, na Qutayba akasimama baada ya swala akawaomba watu wamsamehe mjomba wake, na wengi wakaitikia. Alizikwa makaburi ya mashariki, karibu na mkewe. Qutayba ndiye aliyeshuka kaburini, akamlaza kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, akafungua fundo la sanda kichwani, akapandishwa juu. Wakapanga mawe, wakarudishia udongo, imamu akaomba dua, wakarudi nyumbani.